Ukifutiwa makala Wikipedia usisuse, nenda ukurasa wa majadiliano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme hili la Wikipedia, maana hapa Moshi na hata Arusha vijana wengi wameanza kuandika huko na karibu kila nikikaa nao nasikia lalamiko lilelile, mtu kamaliza bando lake anaandika makala kuhusu kata yao au shule aliyosoma, kesho yake anafungua anakuta imefutwa au imebaki mistari miwili, basi anasema hawa jamaa wanatubania, hawataki tuandike mambo yetu. Wengi wanasusa hapohapo na hawarudi tena. Inaniuma kwa sababu hao ndio wenye habari za huku kwetu ambazo hazijaandikwa popote, na karibu kila mara shida haikuwa habari yenyewe, shida ilikuwa namna ilivyoingizwa.

Mimi nahariri Wikipedia ya Kiswahili, sina cheo chochote kule, naandika tu nikipata muda. Watu waelewe kwanza kitu chenyewe kinavyokwenda. Wikipedia ilianza mwaka 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003, na wanaoiandika ni watu wa kujitolea, hawalipwi. Hakuna mtu anayekaa ofisini kusoma makala yako kabla haijatoka kama mnavyofanya nyie gazetini. Ukishabonyeza kuhifadhi imetoka, na palepale inaingia kwenye orodha ya mabadiliko ya karibuni ambako wahariri wengine wanapita wakiangalia nani kaongeza nini. Hao ndo wanaotengua, yaani wanaurudisha ukurasa ulivyokuwa kabla hujaugusa. Lakini kila toleo linabaki kwenye historia ya ukurasa, jina la aliyebadilisha, tarehe na saa, kwa hiyo ulichoandika kikitenguliwa hakijapotea, unakifungua unakisoma kama kilivyokuwa. Ukurasa mzima ukifutwa ndo inabidi uwaone wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wao wana uwezo wa kuurudisha, na ukiwaandikia vizuri ukaeleza wanajibu.

Sasa adabu inaanza na kitu kidogo sana ambacho karibu kila mgeni anakiruka. Kabla ya kuhifadhi kuna kisanduku cha muhtasari, pale unaandika kwa maneno machache umefanya nini na kwa nini. Mtu anabadilisha mwaka wa kuanzishwa kwa hospitali, kisanduku anakiacha kitupu, hana akaunti, hajaweka chanzo. Anayepita kukagua ataona nini? Ataona mtu asiyejulikana kabadilisha tarakimu bila sababu, na wahuni wanafanya hivyohivyo kila siku kwa kuchezea tu, kwa hiyo anatengua anaendelea na safari. Ungeandika tu "nimesahihisha mwaka, angalia tanbihi ya pili", mambo yangekuwa mengine kabisa.

Nitoe mfano wa mlima wetu, Kilimanjaro. Kibao cha pale kilele cha Uhuru kinasema mita 5,895 na ndo tuliyofundishwa wote shuleni, namba hiyo ilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wakapima kwa setelaiti wakapata 5,892, na 2008 wakapima tena ikaja 5,891. Haya, anakuja mtu kasoma kuhusu upimaji wa 1999, anafuta 5,895 anaweka 5,892, hasemi kitu. Anakuja mpagazi au mwongoza watalii wa mlimani ambaye kibao kile kakipita mara nyingi, anaona namba siyo, anarudisha. Yule wa kwanza anabadilisha tena. Wote wawili wana ushahidi mzuri tu na wote wanaona mwenzao ndo mharibifu. Hiyo inaitwa vita ya kuhariri, na kwenye Wikipedia ya Kiingereza ukitengua zaidi ya mara tatu ukurasa uleule ndani ya saa 24 unafungiwa, hata kama namba yako ndo sahihi. Hilo la mwisho watu hawalipokei kabisa, eti nafungiwaje wakati nasema kweli. Ndugu yangu, hufungiwi kwa ulichosema, unafungiwa kwa kuwa umekataa kuongea.

Mahali pa kuongea papo, kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano nyuma yake. Unaingia pale, unasalimia, unasema "nimeona namba imebadilishwa, kipimo cha 5,895 ni cha 1952 na ndicho kinachotumika rasmi mlimani, cha 1999 ni 5,892, mnaonaje tukiweka vyote na mwaka wake?" halafu unamalizia na vialama vinne vya mawimbi, ~~~~, programu yenyewe inaweka jina lako na saa. Unasubiri. Siyo dakika tano, unasubiri siku kadhaa maana mwenzako naye ana kazi na familia, pengine hata yuko nchi nyingine. Mara nyingi mnakubaliana, namba zote zinakaa na kila moja na chanzo chake, na makala inakuwa bora kuliko alivyoitaka yeyote kati yenu.

Kinachowashinda wengi ni kukubali kwamba makala siyo mali yao. Huku uchagani kihamba, yaani shamba la ukoo, kina masale mpakani, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, ukiyaona unajua hapa ni kwa fulani na huingii na panga. Makala ya Wikipedia haina masale. Hata kama ni wewe uliyeianzisha ukaikesha, mtu mwingine ana haki kamili ya kuingia kuikata, kuipanga upya, kukusahihishia tahajia, na hatakiwi kukuomba ruhusa. Ukianza kuandika "nani kakwambia uguse makala yangu" tayari umekosea njia, na wazoefu wakisoma hiyo wanakuweka kwenye kundi la wasumbufu kabla hata hawajaangalia hoja yako.

Halafu kuna kusema kwa usawa, na hapa tuna kazi kubwa kuliko sehemu nyingi kwa sababu historia yetu tunaipenda. Kwa maandishi, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Marangu wanasema aliyewaongoza ni Yohani Kinyala Lauwo, na kwenye maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, mzee alipewa heshima hiyo mbele ya watu. Wapo watafiti wanaohoji kama kweli alikuwepo kwenye msafara ule. Ukiingia ukaandika "Lauwo ndiye mtu wa kwanza kufika kileleni, wazungu wametudanganya" utatenguliwa, na ukiandika kwamba hadithi ya Lauwo ni uongo unastahili kutenguliwa vilevile. Andika nani anasema nini na kwa ushahidi gani, basi. Mimi nina ninachoamini kuhusu mzee Lauwo, lakini ninachoamini hakina nafasi pale, nafasi yake ni huku kwenye barua.

La kampuni za utalii nalisema bila kuficha. Arusha na Moshi zimejaa kampuni za kupandisha watalii mlimani na kuwapeleka mbugani, na zipo zinazotuma vijana wao waingie kwenye makala za Kilimanjaro, Meru na Serengeti wabandike linki zao, "kampuni bora na ya bei nafuu, wasiliana nasi". Hilo siyo kosa la mgeni asiyejua, hilo ni tangazo la bure kwenye mali ya umma na linawaharibia wengine wote wanaotoka huku, kwa sababu mkaguzi akishazoea kuona matangazo kutoka kwetu anaanza kutilia shaka hata mchango wa mwanafunzi. Kama unalipwa kuhariri, sheria za Wikipedia zinakutaka useme wazi nani anakulipa. Na makala kuhusu wewe mwenyewe, mchungaji wako au bosi wako usiiandike, kama mtu anastahili makala wengine wataandika.

Kukopi na kupesti nako tuache. Maandishi ya tovuti ya mkoa au ya kitabu yana mwenyewe, ukiyahamisha neno kwa neno yanafutwa siku hiyohiyo na ni haki yafutwe. Tafsiri ya mashine usiyoipitia ni karibu sawa na hiyo. Mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano la wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili, makala zikaongezeka kwa kasi kweli, lakini shindano lilipoisha wengi waliondoka, na wachache waliobaki wakaachiwa kazi ya kusafisha sentensi ambazo mashine ilitafsiri na hakuna aliyezisoma kabla ya kuzihifadhi. Ni afadhali mbegu, yaani makala fupi ya kuanzia, ya mistari minne iliyoandikwa kwa Kiswahili cha mtu.

Na wazoefu nao niwaambie, maana adabu siyo ya wageni tu. Kanuni ya kudhania nia njema imeandikwa kwa ajili yetu sisi tunaotengua. Mtoto wa kidato cha nne kaandika makala ya kijiji chake bila chanzo, unaifuta kimya, hujamwachia hata mstari mmoja kwenye ukurasa wake wa majadiliano, unategemea ajifunzie wapi? Mwandikie karibu, nimeondoa sehemu hii kwa sababu hii, ukipata chanzo irudishe, na kama huna chanzo jaribu kwanza kwenye ukurasa wa mazoezi. Inachukua dakika mbili. Na huku Arusha kuna wahariri wa kujitolea wanaokutana na kufundishana, mgeni aelekezwe kwao badala ya kuachwa peke yake anapigana na skrini ya simu.

Mhariri, sababu hasa ya kukuandikia wewe ni suala la chanzo, kwa sababu hapo ndipo mtu wa huku anakwama hata akiwa na adabu zote. Wikipedia haipokei "babu alinisimulia". Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, hilo lipo kwenye vitabu, lakini mambo mengine mengi ya wakati ule, nani aliishi wapi, mfereji upi ulichimbwa na ukoo upi, yapo kwenye vichwa vya wazee, na kanuni ile inayaacha nje. Naona ni kanuni kali kwetu lakini naielewa, maana bila hiyo kila ukoo ungeandika babu yake ndo alikuwa mangi mkubwa. Njia iliyopo ni yasimuliwe, yachapishwe mahali panapoaminika, ndipo yanukuliwe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi wakitaka kuandika juu ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha 1933, au KNPA, chama cha wakulima kilichokitangulia mwaka 1925, wana vitabu vya kunukuu. Anayetaka kuandika juu ya soko la Kiboriloni au mifereji ya Old Moshi anahangaika.

Gazeti ndo linaweza kuziba pengo hilo. Mna waandishi mikoani, watumeni kwa wazee warekodi na kuchapa, jina la msimuliaji, mahali na siku aliyosimulia. Na zile habari mnazoweka mtandaoni naomba mziache na tarehe kamili na jina la mwandishi, na msizihamishe anwani kila mnapobadilisha tovuti, kwa sababu tukishanukuu habari yenu halafu mwaka unaofuata linki haifunguki, anakuja mkaguzi anaona chanzo kimekufa, anaiondoa sentensi na sisi hatuna cha kumwonyesha. Nakala za zamani pia, zile zilizopo stoo, hata mkipiga picha ukurasa mmojammoja mkapeleka maktaba ya mkoa tutakwenda kuzisoma huko.

Wako,
Mhariri wa kujitolea, Wikipedia ya Kiswahili
Pasua, Moshi