Nikilazwa bima inalipa, nikirudi nyumbani nalipa mwenyewe

Ndugu Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye mkubwa, basi marahaba. Nina miaka 64, mwalimu mstaafu, na huu ni mwaka wa tatu kibofu kinaninyima usingizi. Naamka mara nne, usiku mwingine mara sita. Nikifika chooni nasimama weee, mkojo unatoka kidogo, unakatika, narudi kitandani, na kabla shuka halijapata joto naitwa tena.

Si saratani, namshukuru Mungu. Nimepimwa damu, altrasaundi, kasi ya mkojo, na kile kipimo cha kamera ambacho sitaki hata kukikumbuka. Tezi dume imekua tu, ina gramu 48. Nilipewa dawa ya tamsulosin. Mkojo ulifunguka kiasi, lakini nikisimama ghafla nyumba inazunguka, na asubuhi moja nilijikuta nimekaa sakafuni, mswaki bado uko mdomoni.

Bingwa wa mkojo akaniwekea njia mbili mezani. Ya kwanza ni ile ya siku nyingi: wanapitisha kifaa kwenye njia ya mkojo na kuikwangua tezi kwa ndani. Unalazwa usiku mmoja au zaidi, unawekewa mpira wa kutolea mkojo. Ya pili ni vipandikizi, wenyewe wanaviita UroLift, ambavyo Marekani vilipata kibali mwaka 2013. Hapo hapakatwi kitu. Kila kipandikizi ni uzi mwembamba wenye kijichuma kila upande; kimoja kinashika kwa nje ya tezi, kingine ndani ya njia ya mkojo, na uzi unaivuta nyama pembeni, kama unavyolifunga pazia ili dirisha liwe wazi. Haichukui hata saa nzima na siku hiyohiyo unarudi kwako.

Nikaipenda hiyo ya pili, na sababu sitaificha. Ukikwanguliwa, wanaume wengi manii huacha kutoka mbele na kurudi nyuma kibofuni. Vipandikizi havina tabia hiyo. Mke wangu alicheka nilipomweleza, akasema, "Baba, bado unawaza hayo?" Ndiyo, bado nawaza.

Shida ilianzia kwenye dirisha la malipo. Niliomba makadirio, nikapewa karatasi yenye mstari mmoja, "upasuaji mdogo, mgonjwa wa nje", na jumla ambayo kwa kujibana ningeimudu. Nimefundisha hesabu miaka 31, jumla isiyo na mchanganuo huwa hainikai sawa. Nikamuuliza karani kama vipandikizi vimo. Akaigeuza karatasi, akazungushia kwa penseli maneno madogo ya chini kabisa: "haijumuishi vifaa." Vipandikizi vinahesabiwa kimoja kimoja, na kimoja tu kinakaribia pensheni yangu ya mwezi. Vingapi? Akasema atajua daktari. Nikarudi kwa daktari, naye, muungwana kabisa, akaniambia kwa kawaida ni vinne hadi sita, ila hesabu kamili ataijua akishaingiza kamera na kuona njia inavyofunguka. Kwa hiyo natakiwa kukubali bei itakayopangwa nikiwa nimelala kwa dawa ya usingizi. Na dawa hiyo na mtaalamu wake nao wana mstari wao, hawamo kwenye ile jumla.

Nikakimbilia bima. Hapa ndipo nilipochoka. Fungu langu kubwa ni la mgonjwa aliyelazwa. La mgonjwa wa nje ni dogo, na vipimo vimeshalila zaidi ya nusu. Binti wa kwenye simu alinifafanulia kwa upole: nikilazwa nikwanguliwe, wanalipa karibu yote, nikiwekewa vipandikizi nikaondoka jioni, nitajilipia sehemu kubwa, na kama havimo kwenye orodha yao ya vifaa, vyote ni juu yangu. Yaani kitanda cha hospitali nisichokihitaji ndicho kinachofungua mkoba wao! Nilimwomba anitumie hayo kwa maandishi. Mpaka leo sijaona kitu.

Mwanangu wa pili anasema atalipa yeye, nisihangaike. Ana watoto wawili wadogo na deni la nyumba. Nikikubali nitakuwa nalala vizuri kwa gharama ya usingizi wake.

Kuna na hili la kurudia. Katika majaribio yaliyofanyika Marekani, Kanada na Australia kwa wanaume 206, ndani ya miaka mitano takriban 14 kati ya kila 100 waliowekewa vipandikizi ilibidi watibiwe tena. Najua maana yake ni kwamba 86 hawakurudi. Lakini mimi na bahati yangu nijuavyo, naogopa kulipa mara mbili: leo vipandikizi, kesho kutwa kukwanguliwa kulekule nilikokukimbia. Wiki za kwanza za kuungua na damu kidogo kwenye mkojo hazinitishi, hizo nitavumilia.

Sasa ndugu yangu, nisaidie. Je, ni halali mgonjwa kumwambia daktari kabla ya siku, "Usizidishe vinne bila kuongea na mke wangu pale nje," au nitakuwa nimemfunga mikono akiwa katikati ya kazi? Hospitali inaweza kunipa bei ya juu kabisa kwa maandishi, vifaa, dawa ya usingizi na marudio yote yakiwemo, au nitaonekana msumbufu? Na bima: kuna aliyewahi kuandikiwa barua na daktari wake kueleza kwamba dawa zimemshinda, wakakubali kulipia vipandikizi kabla ya upasuaji? Au niache ubishi, nilazwe, nikwanguliwe, na hayo mengine nimweleze mama watoto kwamba umri umefika?

Nimepewa tarehe, ni wiki tatu kutoka leo, na karani anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Karatasi yake ninayo hapa mezani, na duara la penseli bado linaonekana.

Wako,
Mwalimu asiyelala