Barua kwa Rehema: nyumba ya Julia Martinez

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Barua yako ilinifikia mapema, ila sikutaka kukujibu kwa pupa.

Unasema raia wote wapewe haki zilezile, na utamaduni kila mtu abaki nao nyumbani kwake. Mwalimu wetu angekuunga mkono papo hapo, unamjua. Mimi nimeshindwa. T.H. Marshall, mwanasosholojia Mwingereza, alipoufafanua uraia mwaka 1950 kuwa ni haki za kiraia, za kisiasa na za kijamii, hakujishughulisha na lugha ya nani itatumika mahakamani wala sikukuu za dini ipi zitakuwa za taifa. Will Kymlicka, mwanafalsafa wa Kanada, alilishika suala hilo mwaka 1995, akatenganisha kinga zinazoilinda jamii ndogo dhidi ya maamuzi ya walio wengi na vikwazo ambavyo jamii hiyo huwawekea watu wake yenyewe. Kinga alizikubali, vikwazo, kwa sehemu kubwa, alivikataa.

Niliridhika na mgawanyo huo mpaka niliposoma kesi ya Julia Martinez. Alikuwa mwanamke wa Santa Clara Pueblo, jamii ya wenyeji wa asili huko New Mexico, Marekani, aliyeolewa na Mnavajo, mtu wa jamii nyingine ya wenyeji wa asili. Watoto wao walikulia palepale na kuisema lugha ya pale, lakini kanuni ya jamii hiyo ya mwaka 1939 iliwanyima uanachama kwa kuwa aliyeolewa nje ya jamii ni mama. Angekuwa baba ndiye aliyeoa nje, wangeandikishwa. Mama angekufa, wasingekuwa na haki ya kurithi nyumba aliyowalelea. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia Martinez, kwa kuheshimu mamlaka ya jamii kujitawala. Kanuni moja, Rehema, ni kinga na ni kikwazo kwa wakati mmoja! Nyumba ile hainitoki akilini.

Susan Moller Okin, mwanafalsafa mtetezi wa haki za wanawake, alionya kwamba haki za makundi zaweza kuwaumiza wanawake walio ndani yake. Nakubali, ila sioni kuwa dawa ni kuzifuta, maana jamii iliyokwisha kunyang'anywa ardhi itabakiwa na nini? Bora tuwadai wanaozungumza kwa niaba ya jamii watuoneshe ni nani aliyewatuma, ingawa hata hapo…

Wewe ungekuwa hakimu, ungeamuaje? Ungewaandikisha watoto wale kwa amri ya dola? Jamii ingekuwa bado inajitawala? Na Mama anaendeleaje? Utakuja lini tulimalize hili ana kwa ana?

Rafiki yako daima,
Zuhura