Baa iliyopinda ijengwe ikiwa imepinda

Mhariri,

Wapo wanaouliza kelele zote hizi ni za nini kwa baa moja kuukuu ya Staffordshire, Uingereza. Crooked House ilijengwa mwaka 1765 kama nyumba ya shamba. Baadaye uchimbaji wa makaa ya mawe ukaifanya ardhi ititie, upande mmoja wa jengo ukashuka zaidi ya mita moja chini ya mwingine. Wateja waliweka gololi mezani wakaiona, machoni pao, ikipanda mlima. (Na hapo hawajaonja hata glasi ya kwanza!)

Agosti 5, 2023 iliungua. Siku mbili baadaye katapila likaiangusha yote. Februari 2024 halmashauri ya South Staffordshire ikaamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa.

Naunga mkono amri hiyo, ingawa namwonea huruma fundi: atapindisha kwa gharama kubwa kile ambacho mgodi ulikipinda bure. Ila asije akashawishika kuinyoosha, hata kidogo. Baa zilizonyooka Uingereza zimejaa tele. Milango na madirisha nayo yalazwe upande vilevile.

Msomaji wako,
Morogoro