Nyuki wazee wakifa, wachanga wanakosa wa kumfuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ukurasa wenu wa kilimo, ule uliotaja dawa za wadudu wa alizeti na kipimo chake kwa bomba moja la mgongoni. Saa ya kupulizia haikutajwa, na saa ndiyo iliyonigharimu mimi.

Nafuga nyuki huku Itigi, mizinga 34, mingi ya masanduku na michache ya magogo niliyoachiwa na marehemu baba. Machi ya mwaka juzi jirani alipulizia alizeti yake saa nne asubuhi, maua yamefunguka na nyuki wamejaa juu yake. Jioni nilikwenda kwenye mizinga sita iliyo upande wa shamba lile nikakuta chini kumetapakaa nyuki, ndimi zimewatoka nje. Niliwazoa kwa ungo. Mtaalamu niliyemwita alifungua mizinga miwili akaniambia, "Mama, usilie. Malkia yupo, majana, yaani watoto wa nyuki, yapo, wiki tatu tu mizinga itajaa."

Alisema kweli, mizinga ilijaa. Asali ndiyo haikuja. Mizinga ya upande wa pili, yenye kutegemea maua ya miti ileile ya mitundu, niliirina kama kawaida. Ile sita ilinipa masega mepesi ya kusikitisha.

Kwa nini? Swali hilo nililala nalo mpaka mpwa wangu aliye chuoni aliponisomea utafiti uliotoka katika jarida la Science, Machi 2023. Wengi tunajua kwamba nyuki aliyeona maua hurudi na kucheza juu ya sega, gizani, akikata mstari huku anatikisa tumbo. Mstari unaelekeza pembe ya kufuata kwa kulipima jua, na muda wa kutikisika unasema umbali. Hayo aliyafumbua mwanasayansi Karl von Frisch, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Watafiti hawa wa China na Marekani walifanya jambo jingine: walianzisha makundi ya nyuki wachanga watupu, wa umri mmoja, bila mkubwa hata mmoja wa kumfuata nyuma akicheza. Walipofika umri wa kwenda malishoni walicheza, maana ngoma wanazaliwa nayo, lakini walicheza vibaya. Mwelekeo ulipinda, umbali ukazidishwa. Siku zilivyokwenda mwelekeo ulinyooka. Umbali haukunyooka mpaka wanakufa. Na hao ni nyuki wa spishi moja na hawa wetu.

Mhariri, pale niliweka kikombe cha chai chini. Dawa ile haikuua vibarua tu, iliua waliokuwa wakifuatwa. Waliobaki na walioanguliwa baadaye walikua bila mcheza ngoma anayejua njia, na naamini ndicho kilichoyafanya masega yangu kuwa mepesi.

Ubongo wa nyuki ni kama punje ya ulezi. Una niuroni, yaani seli za neva, zipatazo milioni moja, na hautoki kwenye sega ukiwa umekamilika. Wiki mbili tatu za mwanzo nyuki huishi gizani, akisafisha vyumba na kulisha majana. Anapoanza kutoka na mwanga kumwingia machoni, viungio vya neva katika sehemu ya ubongo yenye umbo la uyoga hupangwa upya, na sehemu hiyo huzidi kukua anapozoea safari. Mimi naliona hilo bila darubini. Saa tisa alasiri, siku isiyo na upepo, wachanga hutoka kwa pamoja, wanageuka kuutazama mlango wa mzinga, wanayumba kushoto na kulia, kisha duara linapanuka mpaka unawapoteza juu ya miti. Baba alitukataza kukatiza mbele yao. Alisema, "Waacheni, wanasoma."

Na sisi wafugaji tuna mkono wetu. Anayerina kwa mwenge anaunguza walewale wanaojua njia. Anayeacha sega la majana nje usiku wa Julai, hapa kwetu kwenye baridi, naye anaharibu asichokiona. Nyuki huyahifadhi majana kwenye joto la nyuzi 33 hadi 36 kwa sababu maalumu: watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walionyesha mwaka 2003 kwamba waliokulia kwenye nyuzi 32 walitoka wazima wa mwili, lakini walikuwa wazito wa kujifunza kuliko waliokulia kwenye 36. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo naomba, kila mnapotaja dawa, tajeni na saa: jioni, jua likishazama na nyuki wamerudi. Mkulima naye amtume hata mtoto siku moja kabla, ili mwenye mizinga ajue. Alizeti yenyewe inamhitaji nyuki ili ijae punje.

Jirani yangu nilimweleza haya yote kwenye baraza yake, tukaelewana. Msimu huu alipulizia saa moja usiku, kijana wake akimmulikia tochi. Asubuhi nilipita chini ya mizinga ile sita nikaokota nyuki saba.

Mama mfugaji nyuki,
Itigi, Singida