Mwanangu, ulikwenda kununua kredo

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Mombasa ni wazima, ila joto linatuonea. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu najua utaniambia "Mama, mtandao mbaya", kisha ukate.

Ramadhani iliyopita ulipokuja nyumbani, kila siku ukishafuturu ulitoka. Tende mbili, maji, uji kidogo, unaswali mbiombio, halafu: "Mama, naenda kununua kredo." Siku ya kwanza nilinyamaza. Ya pili pia. Ya tano nikajiuliza, huyu mtoto anampigia nani hata amalize kredo kila magharibi, na hali kredo hununua kwa M-Pesa akiwa amejilaza pale pale kochini? Ukirudi unanukia peremende. Lakini kanzu zako nafua mimi, baba, na peremende haifiki kwenye kola.

Sikukwambia kitu, kwa sababu nilijua unanificha kwa heshima. Ndivyo tulivyowalea: mtu havuti sigara mbele ya mzazi wake hata akiota mvi. Heshima hiyo nimeipokea, Mungu akulipe. Ila nimekaa nikaitafakari, nikaona ndiyo inayokufunga. Hutaki uonekane unavuta, basi huwezi pia kuonekana unaacha. Siku ya tatu ukipandwa na hasira, huna wa kumwambia hasira zatoka wapi. Kwa hiyo mimi mamako nakuondolea. Kuvuta, nifiche ukitaka. Kuacha usinifiche.

Wala usidhani nimepanda mimbari. Kijaluba changu unakikumbuka. Kilikaa mezani, wageni wakikaribishwa kwacho: tambuu, chokaa, popoo, na tumbaku pembeni. Yangu ikaitwa ukarimu, yako ikawa aibu, na nikotini ni ile ile. Nilitafuna miaka 26.

Hili sijapata kukusimulia. Daktari wa meno aliniangalia ndani ya shavu la kushoto, pale pale nilipozoea kubana, akaona baka jeupe. Akalifuta kwa pamba, halikutoka. Wakakata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Zile wiki mbili za kungoja majibu, nyinyi mlidhani nina homa. Majibu yakaja si saratani, alhamdulillahi, lakini akaniambia baka la namna ile linaweza kugeuka, na kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani ya mdomo. Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu. Tumbaku nilikuwa nikiitilia shaka siku nyingi. Popoo alinikatia bibi yangu kwa mkono wake.

Nikajaribu kuacha kwa siri, mara tatu. Ya kwanza nilifika siku mbili. Ya pili nilimpa jirani kijaluba, siku ya nne nikaenda kumdai kwa ukali kana kwamba aliniibia. Ya tatu ndiyo ile siku niliyomfokea shangazi yako mbele ya wageni kwa sababu ya kijiko. Mkasema ni presha. Ilikuwa arosto. Najua neno hilo mwalitumia kwa watu wa unga, lakini mwili ukikosa ulichozoea haujali kama kiliuzwa dukani au uchochoroni.

Baadaye muuguzi aliyenishughulikia aliniambia hesabu ya Shirika la Afya Duniani: katika majaribio 100 ya kuacha tumbaku bila msaada wowote, yanayofaulu ni 4 tu. Ushauri na dawa huongeza bahati hiyo zaidi ya mara mbili. Nilifurahi, wallahi. Nilikuwa nikijiona mimi ndiye dhaifu wa mji, kumbe nilikuwa na wenzangu 96.

Swali lake la kwanza lilikuwa dogo: "Ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kutia mdomoni?" Nikamwambia, kabla sijaosha uso. Akaandika. Anayeanza ndani ya nusu saa ya kuamka ndiye aliyeshikwa zaidi, na huanzishiwa kipimo cha juu. Kwa chingamu ya nikotini ni ya miligramu 4, mwenye nafuu hupewa ya 2. Nawe jiulize swali hilo, unijibu kweli.

Mimi alinipa plasta ya nikotini, ili lile shavu lisiguswe. Naibandika mkononi asubuhi, na baada ya wiki kadhaa anaipunguza nguvu. Ilinipa ndoto za ajabu, mpaka akaniambia niibandue kabla ya kulala. Wewe huenda ukapenda chingamu, ila usiitafune kama bazoka. Itafune polepole hadi iwashe, uibane kati ya shavu na ufizi, ikipoa utafune tena, mpaka kama nusu saa. Ukiitafuna mfululizo nikotini inateremka tumboni, unaishia kwikwi na kichefuchefu. Na kwa robo saa kabla yake, usinywe kahawa wala soda. Kubana kitu shavuni, kwa hilo mamako ni fundi, nitakufundisha. Si kila duka la dawa linaiweka, basi mpigie mfamasia kwanza kabla ya kupanda matatu.

Vidonge pia vipo, hivyo ni mpaka daktari. Majina nimeyanakili kwenye karatasi yake: varenikilini, bupropioni, sitisini. Vyote vimo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024. Ukienda, mtajie yule mjomba wako mwenye kifafa, na kama wewe mwenyewe uliwahi kuanguka useme, maana bupropioni haimfai mwenye kifafa.

Halafu kuna 1192. Ni simu ya NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya; haina malipo, usiku na mchana. Mimi nilidhani ni ya walevi na wavuta bangi, nikaona haya hata kuibonyeza. Nilijifungia chumbani nikiogopa babako asisikie. Kumbe tumbaku nayo ni kazi yao. Anayepokea hakujui, hajui ukoo wako, hatakutana na mtu wa mtaa wetu msikitini. Ukiona vigumu kuniambia mimi, anza na huyo.

Kahawa nayo. Hili hakuna aliyewahi kuniambia mpaka muuguzi, tena alisema ni la wavutaji, si la watafunaji kama mimi. Moshi wa sigara hulifanya ini liimalize kahawa upesi. Ukiacha sigara, kikombe kile kile kinakukaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, nawe unadhani ni kukosa sigara. Basi hapo barazani punguza nusu. Ya muguka, yale majani ya kutafuna, sisemi leo, nayo ina barua yake.

Na kile kioski cha karibu na stendi yako, nilikiona nilipokuja Nairobi. Sheria ya 2007 yakataza kuuza sigara mojamoja, lakini pale zinauzwa, na kiberiti cha gesi kimefungiwa uzi kwenye nondo ya dirisha ili mteja awashe kabisa. Mtu wa kushindana na uzi ule kila jioni amechoka na kazi simjui. Shuka stendi ya mbele yake, utembee. Hamu ikija hukaa dakika chache tu, hata ukiiona haiishi. Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kisha ni wiki kadhaa za kero.

Wajua kwamba ukikaa muda wa saa 12 bila sigara, ile hewa ya sumu ya moshi, kaboni monoksidi, hushuka kwenye damu ikawa kama ya asiyevuta? Na sisi tunafunga zaidi ya saa 13. Ramadhani nzima, kila siku adhana ya magharibi ikilia damu yako ilikuwa imeshajisafisha. Kisha unakwenda kununua kredo.

Kijaluba bado ninacho. Kina sindano, nyuzi, na vifungo vya kanzu zako. Baka la shavu wanaliangalia kila baada ya miezi sita, safari iliyopita limekuwa dogo.

Jumapili baada ya alasiri nitakupigia. Chagua siku ya kuanza, unitajie tarehe, nami nitakupigia siku ya tatu, jioni, saa ile ya kioski. Ukitaka kunifokea, fokea. Shangazi yako alishanisamehe kile kijiko.

Babako naye anajua. Usimwambie nimekwambia.

Mamako