Kitabu cha mavazi kwa zawadi ya sikukuu: soma chini ya picha kabla ya kuangalia bei

Kila ifikapo Novemba, hapa dukani kwetu Mombasa wateja huanza kuja na ombi linalofanana. Wanataka zawadi ya sikukuu, ya mama, ya shangazi, ya binti aliyeanza kujifunza ushonaji, na wameshaamua itakuwa kitabu kikubwa cha picha za mavazi. Mteja huenda moja kwa moja kwenye rafu, huchukua kilicho kizito kuliko vyote, hukigeuza kutazama bei, kisha huuliza, "Hiki kitamfaa?" Mara nyingi hatuwezi kumjibu, kwa sababu yeye mwenyewe hajakifungua.

Tumeona tueleze namna sisi tunavyochagua, maana kitabu cha aina hii si rahisi, na inauma kuona fedha nzuri ikiishia kwenye kitu kitakachokaa juu ya meza ya sebuleni kikikusanya vumbi.

Kwetu jambo kubwa ni hili. Fungua ukurasa wowote wa katikati, chagua picha moja, usome maandishi yaliyo chini yake. Je, yanakwambia aliyevaa ni nani? Ni mwaka gani, mji gani? Ile nguo ni ya kitambaa gani, imevaliwa kwa shughuli gani? Kitabu kizuri kitajibu angalau mawili kati ya hayo. Kitabu kibovu kitakuonyesha uzuri, kisha kinyamaze.

Chukua mfano wa pwani yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, studio za Zanzibar kama ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho zilipiga picha za watu wa mwambao, na nyingi za picha za enzi hizo ziligeuzwa kadi za posta za kuuziwa wageni. Unamwona mwanamke amejifunga leso, yaani kanga, nywele zimesukwa vizuri, kipini puani, na chini pameandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Jina hana. Viko vitabu vinavyochukua picha hizo na kurudia maneno yaleyale, kama kwamba yule alikuwa pambo. Sisi kitabu kama hicho hatukupendekezi kwa mtu ambaye bibi yake angeweza kuwa ndiye huyo aliye pichani.

Tafuta kile ambacho mwandishi wake amehangaika. Atakwambia kwamba ile nguo nyeupe ni merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyokuja kwa meli kutoka Marekani ikabaki na jina la kwao, na ile ya rangi iliyokoza ni kaniki. Atakwambia kwamba watumwa wa Unguja walivaa hizo kabla ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, na kwamba wanawake waliopata uhuru wao walizikimbilia leso za rangi na maua kwa furaha isiyofichika. Ukishayajua hayo, rudi kwenye ile picha ya mwanamke asiye na jina. Utaitazama leso yake kwa macho mengine kabisa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye leso, tukae hapo kidogo, kwa sababu ndiyo zawadi inayoulizwa zaidi na wateja wetu wenye ndugu ughaibuni. Neno lenyewe lina asili ya Kireno, na husimuliwa kwamba zamani wanawake walinunua vitambaa vya mkono vilivyochapwa, wakaviunga sita pamoja, vitatu kwa viwili, wakapata nguo moja. Leo kila mtu wa pwani anajua leso ina pindo, yaani ukingo unaoizunguka, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Hapa Mombasa husimuliwa pia kwamba mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zinatambulika kwa maneno "Mali ya Abdulla", ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuchapa jina. Mwanzoni majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia sasa. Basi ukifungua kitabu kinachodai kueleza leso, angalia kama angalau picha chache zinaionyesha imetandazwa yote, pindo zote nne na jina likisomeka. Ukikuta imekatwa ili ibaki rangi tu, aliyetengeneza kitabu hakujua kwamba leso husomwa.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa makamo kumtafutia mamake zawadi ya Idi. Tulimfungulia kitabu cha picha za zamani za mwambao. Alifunua haraka haraka, kwa adabu tu, mpaka akafika kwenye picha ya wanawake wawili waliokaa mkeka mmoja. Hapo mkono ulisita. Akainama, akalifuata pindo kwa ukucha wa kidole cha shahada hadi penye jina. Nusu ya maneno ilikuwa imemezwa na mkunjo wa goti. Akasoma herufi zilizoonekana, moja moja, midomo ikicheza bila sauti, kisha akamalizia sehemu iliyofichika kwa kukumbuka. "Hii mama alikuwa nayo," akasema. "Yake ilikuwa nyekundu." Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hakuuliza bei, alisema tukifunge.

Siku hizi mtu akituuliza kitabu gani kitamfaa mzazi wake, nasi humuuliza: mzazi huyo alikuwa kijana wapi, na miaka gani? Aliyekulia Mombasa miaka ya 1950 au 1960 huenda aliwahi kukaa mbele ya kamera ya N. V. Parekh, ambaye studio yake ilipiga picha za wenyeji wa mji huu kwa miongo kadhaa. Maharusi, marafiki wawili waliovaa sare, kijana na suti yake ya kwanza. Kwa mtu kama huyo, kitabu cha picha za studio kina thamani kuliko kile cha mitindo ya Paris, hata kiwe na jalada la hariri.

Picha za studio za Afrika Magharibi nazo tunazipenda mno, na tunazipendekeza bila kusita. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake, lenye matamvua pembeni. Akalitumia miaka kadhaa, kisha akawa anabadilisha mapazia, na baadaye mapazia hayohayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani. Ukimpa mtu kitabu chake, mwambie atazame nyuma ya watu kwanza: maua ya shuka yanagongana na maua ya gauni, na bado uso wa mtu hauzami. Mshonaji yeyote atakaa nao ukurasa huo.

Kwa zawadi ya Krismasi, mchague Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako pia. Moja ya picha zake mashuhuri aliipiga usiku wa Krismasi mwaka 1963: kijana aliyevaa suti na msichana aliyevua viatu wanacheza dansi, vichwa vimeinama hadi vinakaribia kugusana, wote wawili wanatazama miguu. Mali ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, na wengi wa vijana wake walikuwa Waislamu, lakini sikukuu ilikuwa ya mji mzima. Sisi wa Mombasa hilo hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 2007 Sidibé alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi ya maisha yake, mpiga picha wa kwanza kupata heshima hiyo.

Kijana anayependa mavazi ya miaka ya 1960, sketi fupi na miwani mikubwa, atafurahia picha za James Barnor wa Ghana. Alizaliwa Accra mwaka 1929, akafungua studio huko, kisha akaenda Uingereza mwaka 1959 na kuwapiga picha wasichana Waafrika katika mitaa ya London kwa ajili ya jarida la Drum. Msusi naye ana kitabu chake: mpiga picha wa Nigeria J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kukusanya picha za misuko, nyingi kwa kusimama nyuma ya kichwa, na akafikisha karibu picha elfu moja. Tumemuuzia msusi mmoja kitabu chake, na tunasikia wateja sasa wanachagua msuko kwa kuonyesha ukurasa.

Fundi cherehani ni suala jingine. Huyu picha ya mbele peke yake haimtoshi. Anataka kuona nguo imegeuzwa ndani nje, mshono ulivyopita, kiuno kilivyoshikiliwa. Mwaka 1947 mbunifu wa mavazi Christian Dior alipotoa zile sketi zake pana zilizokula mita nyingi za kitambaa, kukiwa bado na uhaba uliotokana na vita, watu wengine walikasirika na wengine walishangilia. Fundi atauliza tu, ile sketi ilisimamaje? Vitabu vinavyotolewa na makumbusho hujibu swali hilo vizuri zaidi, hasa vya Victoria and Albert ya London, ambayo imekuwa ikichapisha picha za karibu sana za vifungo, darizi na mishono. Kiingereza kisikutie wasiwasi. Fundi anausoma mshono.

Sasa uchapaji. Tuliwahi kuagiza vitabu kadhaa kutoka kwa msambazaji mmoja kwa bei iliyotuvutia, vikaja vimechapwa upya kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye picha zenyewe. Weusi ulikuwa kijivu, nyuso zimefifia kama zimetazamwa kupitia chandarua. Hatukuviuza. Tangu hapo tunaangalia sehemu nyeusi ya picha: nywele, koti, kivuli chini ya kiti. Ikiwa unaona nywele moja moja ndani ya ule weusi, uchapaji ni mzuri. Kisha tazama mgongo wa kitabu kutoka juu. Kilichoshonwa utaona kurasa zimekusanywa vifungu vifungu. Kilichobanwa kwa gundi peke yake, kwa joto letu la pwani, kitaanza kuachia kurasa mapema.

Unyevu nao ni adui wa kweli huku. Kitabu kikubwa kilazwe, kisisimamishwe, na kisifungwe ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, kwani ukungu huanzia humo. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, viweke kabatini karibu na kitabu. Udi na asumini vipambe chumba, lakini mafuta ya manukato yasiguse kurasa, doa lake halitoki.

Kuhusu kufunga zawadi, tunaweza kukufungia kwa karatasi, lakini wengi siku hizi wanataka kitabu kifungwe kwa leso, na mpokeaji abaki na vyote viwili. Ni wazo zuri, ila tafadhali soma jina kabla ya kulipa. "Nani kama mama" haina shida kwa mama. Leso yenye kijembe, hata iwe na mji wa kupendeza namna gani, ukimpelekea wifi au mama mkwe itasomwa kuwa ni ujumbe wako. Ukiwa na shaka tuulize, tutaisoma pamoja.

Kitabu cha kupelekwa nje ya nchi kinahitaji muda, na ni kizito. Ukimpa ndugu anayesafiri, mwambie mapema atenge nafasi kwenye sanduku. Vile ambavyo hatunavyo rafuni tunaviagiza, lakini kwa sikukuu ya Desemba tungeomba utuambie kabla Novemba haijaisha. Ukija, si lazima uwe na jina la kitabu. Tuambie mtu huyo ana umri gani, anafanya kazi gani, alikulia wapi, na kama ipo, njoo na picha moja ya zamani ya kwao, hata kwenye simu. Tutaanzia kwenye nguo alizovaa humo.