Somerset waliteswa kuliko hiyo timu yako

Kwako Barasa,

Salamu sana ndugu yangu, huku sote wazima, mama ile homa imeisha na anakusalimia. Sasa wewe umeniandikia kurasa mbili nzima unalia ati hakuna timu imewahi kuteswa kama yako msimu huu. Haya tulia, nikupe ya Somerset mwaka wa 1895, enzi za Malkia Victoria, halafu uendelee kulia ukitaka.

Ni kriketi ya kaunti za Uingereza, na kabla hujaanza, hizi si kaunti za magavana. Mwaka huo ligi ilipanuliwa timu zikafika 14. Gloucestershire walikuwa na mzee wao, daktari W. G. Grace, ndevu hadi kifuani, tumbo limetangulia, miaka 46, na si umri wa kukimbizana na vijana. Mwezi Mei akaamka bwana. Alikuwa anatafuta mia yake ya 100, yaani mara ya 100 ya kufikisha mikimbio mia (hizo ndizo pointi za kriketi) katika zamu moja ya kupiga, na kati ya timu zote hizo akaipata kwa nani? Somerset, pale Bristol, na aliyemrushia ule mpira ni kepteni wao mwenyewe Sam Woods. Ungedhani ataridhika atoke, wapi, akaenda mpaka 288! Mwezi ukiisha ana mikimbio 1,016, na gazeti la Daily Telegraph likamfanyia harambee ya shilingi moja moja mpaka ikapita pauni 5,000, na huyo ati ni mchezaji wa ridhaa, halipwi. Mimi hapo nilicheka peke yangu.

Ngoja sasa Julai. Essex wanakuja Taunton, nyumbani kwa Somerset, wanapiga 692. Hata jasho halijakauka, Lancashire nao hao. Wana kijana anaitwa Archie MacLaren, miaka 23, ameingia asubuhi na hatoki, watu wanarusha, wanachoka, wanabadilishana, yeye yupo tu, wanalala wanaamka wanamkuta palepale, karibu saa 8 za kupiga, mipira 62 imefika mpakani, na alipotoka alikuwa na 424. Somerset wakapata 143, wakarudi tena wakapata 206. Jumlisha mwenyewe. Yaani mtu mmoja ameishinda timu nzima iliyopiga mara mbili! Lancashire kwa jumla walikuwa na 801, na hiyo 424 haikupitwa na mtu yeyote kwenye mechi kubwa za Uingereza mpaka Brian Lara, yule mpigaji wa West Indies, mwaka wa 1994. Fikiria miaka 99 kila rekodi ikitajwa na jina lako linatajwa, lakini wewe ndiye uliyepigwa.

Na wewe ulifungwa 4 ukazima simu siku tatu.

Sasa kitu kilichonifanya nikuandikie hasa ni Agosti. Hapohapo Taunton wamekuja Surrey, ndio waliochukua ubingwa mwaka huo, wana Tom Richardson aliyemaliza msimu na wiketi 290, yaani wapigaji 290 aliowatoa. Somerset walikuwa na Ted Tyler, mrushaji wa mkono wa kushoto, mpira wake wa polepole tu, yeye huyo alikuwa kwenye kipigo cha MacLaren. Akawatoa Surrey wote 10 wanaotolewa katika zamu moja. Peke yake, kwa mikimbio 49. Wiki chache tu baada ya ile aibu, uwanja uleule.

Basi Jumamosi nakuja huko Kakamega. Nunua kuku, na usinifungulie mlango umevaa hiyo jezi kama uko matangani.

Wako,
Juma